Lenzi ya Huzaifa na Ng'ombe wa Ndalahwa

Shemeji yangu Huzaifa ni mwoga. Sisemi kwa kumsengenya, maana nimemwambia usoni mara nyingi, na kwa kuwa amemwoa dada yangu nina haki ya kumtania mpaka mmoja wetu azikwe. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa sindano, anaogopa watu wanaoongea kwa sauti kubwa. Halafu mtu huyo, kati ya kazi zote za duniani, akachagua kupiga picha, kazi ya kuwasogelea watu mpaka uone jasho la pua zao.

Chumba chetu cha kazi kiko Nachingwea mjini, si mbali na stendi. Nusu ni steshenari yangu, yenye mashine ya kopi na printa kubwa ya rangi. Nusu ya pili ni studio yake: pazia la bluu, kiti kimoja na taa mbili. Katikati pana meza, na ndani ya droo ya meza hiyo imelala lenzi moja ndefu, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga ya dada. Wapiga picha wenzake wamewahi kuja kuiulizia. Haiuzi na haitumii. Mimi Biasha najua sababu, na sitajifanya mtazamaji tu, kwa sababu mkono wangu ulikuwemo na hofu ya siku zile bado ninayo.

Mambo yalianzia kwenye harusi ya Eliza, binti wa Ndalahwa. Ndalahwa ni mfugaji, Msukuma, aliyekuja na mkewe Suzana na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, wakakaa kwenye kitongoji kimoja upande wa Nambilanje, wilaya ya Ruangwa. Jina la kitongoji naliacha, wenyewe wataniwia radhi. Huzaifa aliitwa kupiga picha. Ng'ombe wa mahari walipoingizwa uani, yeye akawasha flashi mbele ya dume jeupe lenye baka jeusi begani. Dume likaja. Shemeji yangu akapanda mkorosho na kamera shingoni, akakaa huko juu mpaka wali ulipoiva. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ndalahwa mwenyewe ndiye aliyekwenda chini ya mti, akamshusha kwa maneno ya upole kama anayemshusha mtoto, akampa bakuli la maziwa mgando.

"Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko," nilimwambia aliporudi. "Kwako kicheko kimehamia kabisa."

Hakucheka. Alisema, "Shem, mimi nanunua lenzi ya kuvuta. Sisogelei tena kitu chenye pembe."

Kweli akasafiri hadi Dar, na kutoka dukani Kariakoo akanipigia simu. Alikuwa ameshika lenzi mbili, moja kila mkono, na alitaka nimchagulie.

"Hii fupi inavuta kidogo tu," alisema, "lakini inaingiza mwanga mwingi. Ukumbini hata taa zikiwa hafifu inapiga safi. Hii ndefu, shem, wee! Nimesimama mlangoni nimesoma maandishi ya kwenye boksi la sabuni ng'ambo ya barabara."

"Harusi zetu zinafanyika wapi? Ukumbini au ng'ambo ya barabara?"

"Ukumbini."

"Basi jibu unalo."

Nilimsikia muuzaji nyuma yake akisema, "Mwambie na ubaya wake. Ukiivuta sana inabana. Cha mbele na cha nyuma vinaonekana vimegusana. Usije ukampiga bwana harusi ukakuta mnara wa simu umemwota kichwani." Tukacheka wote watatu. Kisha Huzaifa akasema kwa sauti ndogo, "Lakini na hii ndefu sitalazimika kusogea." Nikajua ameshachagua. Woga ndio uliochagua.

Sasa lazima niwatajie mambo ya mjomba. Sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kubishiwa, mjomba habishiwi. Mzee Masoudi, mjomba wake Huzaifa, ndiye aliyempeleka jandoni, ndiye aliyesimama siku ya kumposa dada yangu, na akikohoa tu huko aliko, Huzaifa anavua kofia huku mjini. Shamba la mzee la ufuta liko kitongoji kilekile anachokaa Ndalahwa. Mwaka juzi ng'ombe wa Ndalahwa waliingia humo kweli, wakakanyaga karibu nusu ya shamba, na alipolalamika akaulizwa ushahidi uko wapi. Hakuwa nao. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo mwaka huu, ufuta ulipofika kiunoni, alipiga simu. "Mpwa wangu, nasikia una bomba linaloona mbali. Njoo nalo. Ng'ombe wameanza kushuka."

Huzaifa alikwenda asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Alinionyesha picha kwenye kioo cha kamera, na mimi nikapiga kelele. Ufuta wa mjomba ulikuwa mbele, mbichi kabisa, wenye maua, na ng'ombe wa Ndalahwa wamezama humo mpaka matumboni. Lile dume jeupe lenye baka lilikuwa katikati, huwezi kulikosea. Pembeni alisimama Shija, mtoto mkubwa wa Ndalahwa, ameegemea fimbo yake kana kwamba shamba ni la baba yake.

"Ulisogea kweli?" nilimuuliza.

"Lenzi ndiyo iliyosogea," alisema, amevimba kichwa.

Nikaichapa mimi, kwa printa yangu, karatasi kubwa kuliko zote nilizonazo. Nikaongeza rangi kidogo, ufuta ukolee, baka la dume lionekane. Nilijiona fundi.

Mzee Masoudi aliibandika picha ile kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Kufikia jioni ya siku ya pili kila mtu alikuwa ameiona, na mkutano ukaitwa. Mwenyekiti, Bernardo, mtu mpole anayependa mambo yaishe, alijaribu kuwatuliza watu akashindwa. Likakatwa shauri kwamba Ndalahwa aondoke na mifugo yote, mwisho Ijumaa. Vijana wakaongeza yao nje ya kikao: Ijumaa ikipita wakamkuta, watachoma nyumba na kuwakata ng'ombe miguu. Habari hizo zilitufikia kwa simu, na aliyepiga alikuwa anacheka kwa furaha. Mimi nilikata simu nikaangalia printa yangu.

Jumanne yake, saa nne asubuhi, Ndalahwa akasimama mlangoni kwetu.

Huzaifa alinyanyuka akagonga taa ya studio ikaanguka. Nami nilijivuta nyuma ya mashine ya kopi, siwafichi. Ndalahwa ni mtu mrefu, na siku hiyo alijaza mlango. Lakini aliiegemeza fimbo yake nje ukutani, akaingia, akatusalimu, akakaa kwenye kile kiti mbele ya pazia la bluu kama mtu aliyekuja kupigwa pasipoti.

"Bwana mpiga picha," alisema, "sikuja kugombana. Nimeiona picha yako pale ofisini. Ng'ombe ni wangu. Mtoto ni wangu. Siwezi kuwakana. Nina swali moja. Siku ile, ulisimama wapi?"

"Kwenye jabali," Huzaifa alisema. Sauti ilitoka kidogo sana.

"Jabali lile la juu, kabla hujalifikia shamba la mzee?"

"Ndiyo."

Ndalahwa alikaa akimtazama. "Siku ile ng'ombe wangu walikuwa ng'ambo ya korongo, kwenye njia ya lambo, ya kwenda kunywesha, tuliyopewa na kijiji. Shija hakuvuka. Ukisimama kwenye jabali huoni korongo, linajificha chini. Sasa mimi sijasoma mambo ya kamera. Ninyi ndio mnajua." Akainuka, akachukua fimbo yake. Mlangoni akageuka. "Suzana ameanza kufunga vyombo. Anaogopa hata kwenda kisimani. Nikadhani niulize kwanza."

Alipokwisha kwenda, Huzaifa alichukua kamera yenye lenzi ndefu akasimama mlangoni. Mtaani kwetu kuna mama muuza maandazi, na mbali nyuma yake, kule barabara inakopindia, kuna ghala la korosho. Kutoka mlangoni mpaka kwa mama ni hatua chache. Kutoka kwa mama mpaka ghalani ni mwendo wa kutoa jasho. Alivuta, akapiga, akatazama. Kisha akanipa kamera na kukaa sakafuni. Kwenye kioo, ghala lilikuwa limekaa kichwani kwa mama kama ndoo ya maji.

"Yule muuzaji alituambia," alisema. "Shem, alituambia, tukacheka."

Jumatano nzima hakufanya kazi. Alikaa nyuma ya pazia akinywa maji. Kila nilipochungulia alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali. Aliogopa kunyamaza na aliogopa kusema. Kwenda kumwambia mjomba mbele ya watu kwamba ushahidi wake ni bure, kwetu ni kumvua nguo mzee, na Huzaifa hakuwahi kumwambia mjomba wake hapana hata kwenye jambo la chumvi.

"Nimtumie ujumbe wa simu?" aliniuliza.

"Nyumba zitachomwa keshokutwa, wewe unataka kutuma ujumbe wa simu!"

"Atanikana, Biasha. Nitakuwa mtu asiye na mjomba."

Nilitaka kumtania, ulimi ukakataa. Nilikuwa naogopa kama yeye. Nilimwambia tu, "Mimi ndiye niliyechapa, na rangi nikaongeza. Tutakwenda wote."

Alhamisi asubuhi tulikodi bodaboda mbili. Njiani nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na zilipokwisha nikarudia. Tulipofika, vijana walikuwa wamekaa nje ya ofisi ya kijiji, na walikuwa wananoa mapanga mchana kweupe, taratibu, huku wakipiga soga. Sauti ile ya jiwe kwenye chuma ilinifanya nitake kurudi mjini kwa miguu.

Huzaifa alimwamkia mjomba wake kwa kuinama sana. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kuona haki ikitendeka." Mzee Masoudi alikuwa na panga lake la shamba mkononi, panga ambalo haliachi hata akienda kununua sukari.

"Nimekuja kuomba jambo moja, mjomba. Twende jabalini. Wote."

Sijui alipata wapi sauti. Bernardo mwenyekiti, ambaye alikuwa akitafuta sababu yoyote ya kuchelewesha mambo, akasema haraka, "Twende, twende." Wakatufuata wote, na vijana na mapanga yao.

Jabalini Huzaifa alieleza, lakini alieleza vibaya, maneno yakimkimbia, na watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema amehongwa maziwa. Basi akaacha kueleza. Alimwomba mjomba ashuke asimame mwisho wa shamba lake, kwenye ukingo wa chini. Ng'ambo, kwenye njia ya lambo, Ndalahwa alikuwa na ng'ombe wake, na Shija na wafugaji wengine watatu walikuwa wamesimama karibu naye wakitutazama kwa wasiwasi. Mzee alikwenda kwa hasira, akasimama. Huzaifa aliisimika kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akavuta lenzi mpaka mwisho, akapiga, akawaonyesha.

Kwenye kioo, Ndalahwa alikuwa amesimama bega kwa bega na Mzee Masoudi, na fimbo yake ilikuwa inagusa kofia ya mzee. Watu walitazama kioo, wakainua macho na kutazama bondeni, wakarudi kwenye kioo. Manung'uniko yalikufa. "Mbona wako mbalimbali hivyo?" Bernardo alisema. "Kumbe!"

Nilivuta pumzi ya kwanza tangu Jumanne. Niliivuta mapema mno.

Bernardo aliweka mikono mdomoni akapaza sauti, "Mzee Masoudi, rudi! Picha imedanganya!" Mzee alisikia. Kisha, badala ya kurudi kwetu, aligeuka akateremkia korongoni, na panga lake, akapotea.

Mwanamume mzima aliyefedheheshwa na mpwa wake mbele ya kijiji, mwenye panga, anakwenda peke yake kwa mtu anayemchukia. Tungojee nini? Nilihesabu pumzi zangu. Bernardo aliinama kwenye kamera kutazama, maana ng'ambo kulikuwa mbali kwa macho ya kawaida. Baada ya muda kofia nyeupe ikachomoza upande wa pili, na hapohapo panga likainuka juu.

"Amemkata!" Bernardo alipiga yowe. "Anamkata Ndalahwa!"

Mungu atusamehe. Tulikuwa tumetoka kuonyeshwa, dakika ileile, kwamba lenzi ile inabana, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Hofu ni nyepesi kuliko akili, inafika mbele. Vijana walinyakua mapanga na kuteremka. Ng'ambo, wafugaji waliona mapanga yanakuja, wakainua fimbo zao na kuja kutulaki. Mimi nilitazama kioo mara moja, nikaliona panga limeinuliwa juu ya kichwa cha Ndalahwa, nami nikapiga yowe.

Huzaifa hakutazama. Aliiacha kamera kwenye stendi yake akakimbia.

Nimemjua mtu huyu miaka kumi na moja, sijawahi kumwona akikimbia kuelekea kitu. Alipita katikati ya ufuta, akawapita vijana, akaruka korongoni. Nilijifunga kanga kiunoni nikamfuata nikilia. Nilipopanda ukingo wa pili nilimkuta amesimama katikati ya ng'ombe, mikono ameitandaza, upande huu vijana wenye mapanga, upande ule wafugaji wenye fimbo, anapiga kelele kwa sauti ya mtu anayezama, "Tazameni kwa macho! Tazameni kwa macho yenu!"

Watu wakatazama. Mzee Masoudi alikuwa bado hatua thelathini kutoka kwa Ndalahwa. Alikuwa amenasa kwenye kichaka cha miiba cha ukingoni, na panga lile aliliinua kukata tawi lililokuwa limeshika kanzu yake. Aliendelea kukata, hajui kilichotokea nyuma yake. Kisha akajitoa, akasimama anatweta, akaona watu wote wale, na mapanga, na fimbo.

"Mna nini?" aliuliza.

Aliangalia korongo alilovuka, akaangalia ng'ombe waliotulia kwenye njia yao, akaangalia jabali, dogo kule mbali. Alikuwa analitazama shamba lake kutoka upande ambao hajawahi kusimama. Nilimwona anaelewa, na haikuwa furaha kumtazama. Mwisho akamwita.

"Huzaifa. Siku ile ulifika hapa?"

"Sikufika, mjomba."

"Kwa nini?"

Watu wote walikuwa wanasikia. "Niliogopa ng'ombe," alisema. "Na nilikuogopa wewe. Nilijua unataka picha ya namna gani, nikaogopa kurudi bila hiyo picha."

Mzee Masoudi alimtazama Ndalahwa, na nyuma ya Ndalahwa, mbali kidogo, tulimwona Suzana amesimama mlangoni na furushi kichwani, hajui aliweke chini au aondoke nalo. Mzee aliliangusha panga lake majanini.

"Ng'ombe uliwaogopa," alimwambia mpwa wake. "Mimi uliniogopa. Na hawa, hukuwaogopea?"

Lile dume jeupe lenye baka lilikuwa limemsogelea Huzaifa, likaanza kumnusa kiganja, na yeye akauacha mkono wake palepale.